Una LBBB? Uliza Kabla Hujapandishwa Kwenye Mkanda

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia juzi. ECG yake, kile kipimo cha umeme wa moyo, imeonyesha LBBB, yaani umeme wa moyo haupiti njia yake ya kushoto, na amepangiwa kukimbia kwenye mkanda, ile mashine ya kukimbilia papo hapo, kisha apigwe picha ya nyuklia, inayoonyesha damu inavyofika kwenye misuli ya moyo; pasipofika vizuri panatoka doa. Anauliza kama aanze kutafuta pesa za stenti, kile kibomba cha kuachanisha mshipa ulioziba. Dada yangu, nami nilipita humo humo, na hasira haijanitoka.

Mimi nilipelekwa India. Ukoo ulichangishana, na shemeji mmoja akaanza kuuliza kiwanja changu kimeandikwa jina la nani. Kule nikakimbia kwenye mkanda kwa madaha, maana kutembea natembea sana na sikutaka wale vijana wanione kizee. Picha ikatoka na doa kwenye ukuta wa kati, ule unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Daktari, hata kukaa hakukaa, akasema mshipa wa mbele umeziba, tukalipie stenti. Nilipouliza amejuaje, akaniambia nisiwe mbishi.

Ubishi huo huo ndio ulionipeleka kwa daktari wa pili. Yeye aliomba ECG kabla ya picha, akaguna. Njia ya kushoto ikikatika, umeme hufika upande huo kwa kuzungukia kulia, na kuta za moyo hazikazi kwa pamoja. Ukuta wa kati hukaza nje ya zamu yake, hivyo damu inayouingia inaweza kupungua hata kama mshipa ni mzima. Moyo ukienda mbio ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu misuli yake hupata damu zaidi inapolegea, na muda wa kulegea unafupika. Doa linatokea, mshipa unasingiziwa.

Kwa hiyo mwenye LBBB anayehitaji picha ya nyuklia hakimbizwi. Huchomwa adenosini au dipiridamoli, dawa za kutanua mishipa zisizoukimbiza moyo sana. Dobutamini huukimbiza, kwa hiyo inarudisha balaa lile lile. Na ECG ya kwenye mkanda, kwa mtu kama sisi, haiwezi kuonyesha kama mshipa umeziba.

Mimi nilipigwa CT ya mishipa ya moyo, picha inayoonyesha mishipa yenyewe. Safi! Majibu nilimtumia shemeji kabla ya mtu mwingine yeyote.

Basi jamani, ulizeni. Tumezoea kuitikia "sawa daktari" hata hatujaelewa, halafu tunawabebesha ndugu madeni. Uliza: kipimo hiki kinafaa kwa umeme wa moyo wangu? Asipojibu, uliza tena. Ni moyo wako, ni pesa ya ukoo. Uliza.

Lakini msinielewe vibaya mkaenda kulala. LBBB huweza kuja pamoja na mshipa ulioziba kweli, au misuli ya moyo iliyochoka, kwa hiyo eko ya moyo, picha ya mawimbi ya sauti, ifanywe. Maumivu ya kifua hayasubiri makala, kimbilia hospitali.

Ukipangiwa dawa hizo za kutanua mishipa, watajie pumu kama unayo, maana zinaweza kubana kifua. Chai, kahawa na kola acha tangu siku moja kabla, kafeini huzipunguza nguvu. Na wenye betri ya moyo inayosukuma chumba cha chini cha upande wa kulia wa moyo mpo humu humu: picha zenu hudanganya kwa namna ile ile.