Kukata mikanda na vitambaa vya nailoni kwa moto: kifaa gani na kwa namna gani

Mkanda wa begi uliokatwa kwa mkasi hufumuka nyuzi mapema tu. Ukiukata kwa moto, nyuzi zinayeyuka na kushikana palepale. Ila kabla ya kuulizia bei ya kifaa, jua kwanza unakata nini, maana dukani kila kinachong'aa huitwa nailoni.

Mikanda mingi ya bei nafuu ni polipropilini, nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Nailoni yenyewe huyeyuka kati ya 220 na 260 kutegemea aina yake, na poliesta kwenye 255 au zaidi kidogo. Kuzitofautisha si kazi: kata kipande kidogo, kizamishe majini na ukikamue humohumo ili hewa itoke. Kikielea ni polipropilini, kikizama ni nailoni au poliesta. Mkanda wa pamba hauyeyuki kabisa, unaungua na kuacha majivu. Huo kata kwa mkasi, kisha kunja ncha na ushone.

Turubai lenye PVC (plastiki yenye klorini) usilikate kwa moto. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu, na hata vyuma vya karakana huanza kushika kutu. Ukiwa na shaka, toka nje, pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, uguse turubai, kisha urudishe waya kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, hapo kuna klorini, kwa hiyo chukua mkasi.

Sasa kifaa. Kiberiti cha gesi kinafaa kuzibia ncha iliyokwisha kukatwa, basi. Kukatia hakifai: kinaacha masizi kwenye mkanda mweupe, na matone ya plastiki yakidondokea mkononi yananata yakiendelea kuunguza. Kwa fundi anayeshona mabegi machache kwa siku, pasi ya kulehemu ya mafundi redio, ya wati 60, inamtosha kabisa. Legeza skrubu, toa ncha ya shaba, iponde kwa nyundo ikiwa baridi mpaka iwe bapa, kisha ipige tupa ipate ukingo wa milimita 5 hadi 8. Usiunoe kama wembe. Ukingo mkali hupita kabla nyuzi hazijayeyuka, halafu unashangaa mbona mkanda umefumuka.

Kisu cha umeme chenye umbo la bastola kinapata joto kwa sekunde chache na kinalipa pale unapokata mikanda kwa makumi kila siku. Vingi vya aina hii havijatengenezwa kushikiliwa kitufe mfululizo, vinahitaji kupumzishwa. Soma kibandiko cha umeme pia: kifaa cha mtumba cha volti 120 ukikichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 kitaungua mara moja.

Katia juu ya kioo kinene au kigae, kwa sababu mbao zinaungua na kuchafua ukingo. Chora kwa chaki ya fundi, maana wino wa kalamu huchanganyika na plastiki iliyoyeyuka. Mkanda wa upana wa sentimita 2.5 kwa pasi ya wati 60 huchukua kama sekunde 3 hadi 5. Wewe ongoza mkono tu na uache joto lifanye kazi, usikandamize. Ukienda haraka mno, nyuzi za chini zinabaki wazi. Ukichelewa, au joto likizidi, unapata ukingo mnene mgumu unaokwaruza ngozi, unaokwama kwenye bizimu na kuvunja sindano ya cherehani. Moshi ni dalili kwamba plastiki inaungua badala ya kuyeyuka: punguza joto au ongeza mwendo. Hata bila moshi, fanyia kazi penye hewa inayopita. Ncha ya kupitia kwenye bizimu ikate mshazari, inaingia kirahisi.

Kitambaa chepesi cha parachuti kikate tabaka moja moja. Ukipanga matano ili kuokoa muda, kingo zitagandana, na ukizibandua zinachanika. Kwa mikato ya kupinda tumia kiolezo (umbo la kufuatishia mkato) cha plaiwudi. Cha bati kinanyonya joto la ncha, na mkato unakatikakatika.

Ncha iliyoyeyushwa haibebi mzigo. Vipande viwili vilivyogandishwa kwa moto vitaachana siku begi likijaa, kwa hiyo shona, na mshono ukae kama sentimita 1 kutoka kwenye ukingo mgumu. Mkanda wa kufungia mizigo ya gari usiutoboe katikati kwa ncha ya moto, unakata nyuzi zinazobeba.

Plastiki ya moto ikikunata mkononi, usiibandue. Weka mkono chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda zahanati ikaondolewe huko. Na ncha ya pasi isugue kwa brashi ya waya wa shaba ingali moto. Ikipoa, mabaki yanakuwa magumu na mkato unaofuata utatoka na madoa meusi.