Uliza Fundi: Kompyuta ya nyumbani kwa laki nane

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Arua, nauza nguo sokoni. Binti yangu wa kwanza ameingia S.5 (kidato cha tano) na anasoma Sub-ICT, somo la kompyuta, lakini shuleni wanabanana watatu kwenye kompyuta moja. Nimeweka akiba ya shilingi 800,000. Mpwa wangu aliye Kampala anataka tununue vifaa vipya kimoja kimoja, aviunge mwenyewe. Jirani ananiambia nichukue laptopu ya mtumba, yaishe. Nimfuate nani?
Mama wa S.5, Arua

JIBU: Salaam, mama, na hongera kwa akiba hiyo. Najua pesa ya sokoni inavyopatikana, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Jirani simfuati. Laptopu ya mtumba ya bei hiyo kwa kawaida huja na betri iliyochoka, na siku kioo au kibodi ikifa, utalipa tena pesa nyingi. Mpwa wako namfuata nusu. Mikono yake tunaihitaji, lakini vifaa vipya kwa 800,000 havitafika mwisho: ubao mama (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) na prosesa (ubongo wa kompyuta) vitakula pesa kabla hamjafika kwenye kioo.

Mwambie atafute kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, au Lenovo ThinkCentre. Zilitengenezwa zikae kazini kutwa nzima, na kuzifungua ni rahisi. Ofisi zinaziachia, nyingi zikiwa hazina ugonjwa wowote. Sababu ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo unaoziendesha, tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti yake, haizikubali karibu prosesa zote za Intel za chini ya kizazi cha 8. Kwa ofisi ni mashine ya kutupa. Kwa binti yako ni mashine ya kumalizia S.6 na kuendelea nayo.

Sasa mpwa awe macho. Wauzaji wanapenda kusema “hii ni Core i5”, yaani jina la prosesa ya Intel, na kunyamaza hapo. Neno i5 peke yake halisemi kitu. Aangalie namba inayofuata. i5-6500 ni ya kizazi cha 6, ilitoka 2015 na ina kori nne, yaani sehemu nne za kufanyia kazi. i5-650 ilitoka 2010, ni ya kizazi cha kwanza kabisa na ina kori mbili tu. Tofauti kwenye karatasi ni sifuri moja, na ile stika ya rangi iliyobandikwa mbele ya kisanduku haimwonyeshi sifuri hiyo. Namba ikiwa ya tarakimu nne, ile ya kwanza ndiyo kizazi. Akipata cha 6 au cha 7, achukue. Akikosa, hata cha 4, kama i5-4570, kitamfaa binti. Chini ya hapo asitoe shilingi.

Asilipe kabla haijawashwa mbele yake. Ikiwaka tu, abonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo, aingie BIOS, ukurasa wa mipangilio ya msingi ya mashine. Humo ndani mashine inajieleza yenyewe: prosesa gani, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, diski gani. Ikimdai neno la siri, mwenye duka alifungue pale pale au abaki nayo. Kisha aombe ifunguliwe ubavu, amulike ubao mama kwa tochi ya simu. Vile vikopo vidogo vya duara vinavyosimama ubaoni viwe bapa juu. Kimoja kikiwa kimevimba au kimetoa uji wa kahawia, aende duka la pili, hata akipunguziwa bei namna gani.

Achague kisanduku kirefu cha kusimama, asichukue kile chembamba, ili baadaye kuwe na nafasi ya kuongeza vitu. Tena akumbuke kwamba Dell na HP nyingi za aina hii hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kutoka kwenye pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme. Ikiungua, ile ya bei rahisi ya dukani haitaingia bila kiunganishi maalumu. Ndiyo sababu nasisitiza umeme, nitaufikia.

Laki nane yako ningeigawa hivi: isizidi 400,000 kwa kisanduku chenye RAM ya GB 8, 130,000 kwa kioo cha inchi 19 cha mtumba, 100,000 kwa SSD mpya (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256 au karibu yake, 30,000 kwa kibodi na kipanya, 140,000 kwa ulinzi wa umeme. Bei hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo panapozidi, punguzeni kwenye kioo. Kwenye SSD msipunguze. Diski ya zamani ya kuzunguka ndiyo inayomfanya mtu aseme kompyuta imezeeka, wakati prosesa bado ina nguvu. Mfumo uwekeni kwenye SSD. Ile ya zamani ibaki ndani ya kuhifadhia picha na nakala za kazi, kama bado ni nzima.

Kuhusu RAM, msikisie aina kwa kuangalia umri wa mashine. OptiPlex 3040 ni ya kizazi cha 6 lakini inatumia DDR3L, ilhali 7040 ya kizazi hicho hicho inatumia DDR4. Mkato wa kijiti cha RAM cha aina hizo mbili hauko mahali pamoja, na ukilazimisha unavunja ubao. Afungue, asome kilichoandikwa kwenye kijiti, ndipo anunue.

Programu sasa. Wekeni Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029 na linakwenda vizuri kwenye GB 8. Ndani yake kuna LibreOffice ya kuandikia barua, kupigia hesabu na kutengenezea maonyesho, na mahesabu ya nguo zako pia yatakaa humo. Lakini nisikufiche, mama: Sub-ICT ina somo la hifadhidata, na kama shule inafundisha kwa Access ya Microsoft, programu ya hifadhidata ya LibreOffice haifanani nayo kwa vitufe wala kwa hatua. Access aifanyie mazoezi shuleni, tena aipiganie zamu yake hapo. Kuandika na majedwali, ambako wanafunzi wengi hupoteza muda kwa uzito wa vidole, atakuja kuvifanya nyumbani kila jioni.

Kompyuta hizi mara nyingi hazina Wi-Fi. Msinunue kitu bado. Unganisheni simu kwa waya wake wa USB, washeni kushiriki intaneti, Mint itaipokea.

Basi la Kampala hadi Arua ni safari ndefu, na kisanduku kitatikisika. Kisafiri kimelazwa ubavu, ubao mama ukiwa chini, na kioo kifungwe ndani ya blanketi, uso wake ukilindwa na kadibodi. Kikifika, msikiwashe mara moja. Mpwa amwelekeze binti kwa simu: akiwa hajachomeka umeme, afungue ubavu, ashike chuma cha kisanduku kwanza, abonyeze vile vishikizo viwili, achomoe kijiti cha RAM. Meno yake ya rangi ya dhahabu ayasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, apulize unga wote utoke, akirudishe kwa kukandamiza pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa sauti. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikilia bip bip bila picha hupona kwa hilo tu. Na mtoto aliyeigusa kompyuta yake ndani hataiogopa tena.

Umeme. Mnapotumia gridi, wenye mita ya Yaka ya kulipia kabla na wasio nayo, hatari yenu kubwa ni ule unaokatika na kurudi kwa kishindo. Nunueni UPS ndogo ya 650VA, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Kompyuta ya namna hii na kioo chake huvuta kati ya wati 50 na 80 mtu anapoandika, kwa hiyo mtapata dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. UPS ikishindikana kwa sasa, stebilaiza, na mzoee kuchomoa plagi ukutani umeme ukikatika.

SWALI: Fundi, kwetu tunatumia sola tu. Je, Raspberry Pi itatosha badala ya kompyuta kubwa?
Kijana wa Jinja

JIBU: Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, itatosha kwa kuandika, kujifunza kuprogramu na kufungua tovuti za kawaida. Raspberry Pi 4 inakula volti 5, na chaji yake rasmi ni ya wati 15, kwa hiyo sola yako itaibeba bila taabu. Chukua yenye GB 4 au zaidi. Jumlisha bei ya kadi ya microSD inayotumika kama diski, chaji, kisanduku na kioo chenye HDMI kabla ya kuiita rahisi. Programu za kawaida za Windows usizitegemee humo. Na izime kwa utaratibu kila mara, maana kadi ya microSD huharibika umeme ukikatwa ghafla inapoandika.

SWALI: Kompyuta yangu kila asubuhi inarudi mwaka 2015, na tovuti zinakataa kufunguka zikisema si salama. Ni virusi?
Mwalimu, Bombo

JIBU: Si virusi, mwalimu. Betri ya saa imekwisha. Tovuti hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe, na kwa kompyuta inayoamini ni 2015, cheti cha leo bado hakijaanza kazi. Zima, chomoa plagi ukutani, fungua ubavu, utaona betri ya duara kama sarafu iliyoandikwa CR2032, ya volti 3. Nunua mpya ya namba hiyo hiyo, iweke upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama nje kama ilivyokuwa ile ya zamani, kisha ingia BIOS urekebishe tarehe na saa.