Mkuu, usimlipe mwenye kijiko kwanza: ukuta wangu wa bentonaiti uliishia kuning'inia mchangani

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma bandiko lako mara mbili, na ile sentensi ya "tumechimba shimo moja, tumekuta udongo wa mfinyanzi mita mbili na nusu, Jumatatu kijiko (mashine ya kuchimbia) kinaingia" imenitonesha kidonda. Bwawa la samaki bondeni, ardhi ya kichanga, maji yanapenya chini ya tuta na kukimbilia mtoni. Fundi kakushauri uchimbe mtaro upande wa chini, uujaze uji wa bentonaiti (unga wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) ili kuta zake zisiporomoke, halafu urudishie udongo uliochanganywa na uji huo uwe ukuta wa kuzuia maji. Unauliza mifuko mingapi, kijiko siku ngapi, kibali unaomba wapi, na mwishoni ufuge sato au kambale.

Sato atasubiri. Shimo moja si upimaji, ni bahati nasibu.

Mimi nilicheza hiyo bahati nasibu mwaka 2019, upande wa Bagamoyo, kwenye bonde lenye mchanga mweupe mzuri wa kupigia picha. Aliyenishauri alijiita injinia wa mabwawa. Kadi yake ilikuwa na picha ya bwawa, na leo naamini hilo ndilo bwawa pekee alilowahi kumiliki. Alichimba shimo moja, kwenye mita 2.6 akatoa donge la udongo wa kijivu, akaliviringisha kiganjani likawa refu kama tambi bila kukatika. "Bosi, hii ndiyo sakafu yako, maji hayapiti hapa." Nikafurahi kama mjinga. Nikaagiza soda za watu wote.

Tukachimba mtaro wa mita 64, upana sentimita 70, kina mita 3.2. Hesabu yake ilikuwa kwamba ukuta uingie ndani ya mfinyanzi kama sentimita 60, na kwenye karatasi hilo ni sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Sasa sikiliza kosa lilipo. Tulipofika kama mita 3, kijana wa kijiko akazima mashine, akasema, "Wazee, huku chini ndoo inatoa mchanga tena." Injinia akamjibu kwamba huo ni mchanga wa juu unaporomoka, aendelee na kazi, yeye analipwa kuchimba si kufikiri. Nami nikaitikia kwa kichwa! Mtu aliyekuwa anauona udongo kwa macho yake tukamnyamazisha, tukamsikiliza mwenye kadi. Kila nikikutana na yule kijana stendi namnunulia chai, na bado deni halijaisha.

Tulichokikuta kwenye mita 2.6 hakikuwa sakafu. Kilikuwa kipande tu, kama chapati iliyosahaulika katikati ya mchanga. Nililijua hilo baada ya kumaliza, pesa ikiwa imeshakwenda (milioni 11 na ushee, mke wangu anajua 7, tafadhali tuheshimiane humu). Nikaazima keekee ndefu ya mkono na kutoboa mashimo 9 kandokando ya ukuta. Penye shimo la injinia, mfinyanzi ulikuwa na unene wa sentimita 31, chini yake mchanga na maji tele. Mita 10 kutoka hapo haukuwepo kabisa. Mfinyanzi wa kweli, ule uliotandaza bonde zima, ulikuwa mita 4.9 upande mmoja na mita 5.7 upande wa pili. Kwa hiyo nilikuwa nimejenga mlango mzuri sana usiofika chini, na maji ni kama panya, hayagombani na mlango, yanapita kwenye upenyo.

Na usijidanganye kwamba ukuta ukifika nusu ya kina basi utazuia nusu ya maji. Mchanga ukiwa wa aina moja mpaka chini, ukuta wa nusu ya kina hupunguza uvujaji kwa kama robo tu. Maji kwenye kijiti changu cha kupimia yalikuwa yanashuka sentimita 11 kwa siku kabla ya ukuta. Baada ya ukuta, sentimita 8. Sentimita 3 kwa milioni 11, piga hesabu mwenyewe, mimi nilishaacha. Kibaya zaidi, maji yaliyobanwa yakapita chini ya ukuta kwa kasi. Masika yalipojaza bwawa, upande wa pili wa tuta vikatokea vijichemchemi vinavyotokota mchanga mwororo kama chungu cha maharage. Ukiona hivyo ujue tuta linaliwa kutoka chini. Ilibidi nifungulie maji yote usiku kwa usiku, na samaki wangu wakaliwa na wanakijiji wote isipokuwa mimi.

Injinia alikuwa na silaha moja, video ya New York. "Bosi, ukuta wa namna hii ulizuia maji ya mto Hudson yasiingie kwenye msingi wa World Trade Center." Kweli ulizuia. Hata majengo yalipoanguka mwaka 2001, ukuta ule kwa sehemu kubwa ulibaki umesimama. Lakini ule ni wa zege na nondo. Uji ulishikilia mtaro tu kwa muda, kisha zege likamiminwa kuanzia chini likausukuma uji nje. Tena waliushusha kama mita 20 mpaka kwenye mwamba, wakauchomeka ndani ya mwamba wenyewe. Hicho kipande cha video hakunionyesha. Labda bando liliisha.

Kwa hiyo: TOBOA MFINYANZI WAKO KABLA YA KUUAMINI. Ukiugusa usishangilie, endelea na keekee mpaka uwe umezama mita nzima ndani yake bila kukutana na mchanga. Rudia kila mita 10 katika mstari wote ambao mtaro utapita, kwa sababu tabaka huinama, hukatika, na pengine mto wa zamani ulishalichimba. Kina cha mtaro wako kitatoka humo, na kitabadilika njiani. Ukuta uzame ndani ya mfinyanzi sentimita 60 mpaka mita moja. Kama mfinyanzi uko chini kuliko mkono wa kijiko chako, basi huna mradi wa ukuta, tafuta turubai la bwawa. Jirani yangu alitandika turubai mwaka ule ule, na anaposalimia siku hizi hutabasamu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika.

Mifuko usiihesabu sasa, maana hujui kina. Ila uji ukorogee kwa maji yasiyo na chumvi, uulaze usiku mzima uvimbe. Kisima chako kikiwa na chumvi, bentonaiti haivimbi vizuri, inaganda mabonge na kuzama. Jaribu kwenye chupa kwanza. Kiwango cha uji kwenye mtaro kiwe juu ya maji ya ardhini muda wote, hata mkienda kula, la sivyo kuta zinaingia ndani. Na mtu asishuke humo hata kama koleo limetumbukia. La kwangu liko huko hadi leo.

Jumatatu mwambie mwenye kijiko asubiri. Akidai pesa ya kumpotezea siku, mpe. Nenda na keekee, toa udongo kila nusu mita, upange kwenye gunia kwa mpangilio na futi kando, halafu weka picha hapa tuzisome kabla hujachimba chochote.