Vali ya ekzosi: sauti tu, au na nguvu pia?

Umeuliza iwapo kuiacha vali ya ekzosi ya gari lako la spoti wazi muda wote kutaliongezea nguvu, au kutaongeza kelele tu. Kwa sehemu kubwa utapata kelele.

Vali hiyo ni kibati cha duara kinachozunguka ndani ya bomba. Kikifungwa, moshi hulazimika kupita katika vyumba vya sailensa. Kikifunguka, hupita njia ya mkato, na mawimbi ya sauti hutoka yakiwa hayajapunguzwa sana. Injini ya V8 (yenye silinda nane) inapozunguka mara 2,000 kwa dakika hutoa mapigo 8,000 ya moshi, yaani takribani 133 kila sekunde, na huo ndio mvumo mzito unaochosha masikio katika safari ndefu. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huifunga vali katika mwendo wa wastani.

Nguvu huongezeka, kwa kiasi kidogo, pale tu injini inapozunguka kwa kasi sana na moshi kuwa mwingi kiasi cha kusongamana ndani ya sailensa. Injini yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hunufaika zaidi, kwani msukumo ukipungua nyuma ya tabo, nayo huzunguka kwa wepesi.

Nakusihi usichomoe mpira wa vakyumu (kibomba cha mpira ambacho mvuto wake wa hewa huiendesha vali) ili vali ibaki wazi, kama wengi wafanyavyo. Kwanza isikilize injini ikinguruma polepole gari likiwa limesimama: mlio wa bati linalogongagonga huashiria kwamba mhimili wa vali umelika, na hiyo ndiyo kasoro ya kurekebisha mapema.