"Hardship" Si Kila Ugumu

SWALI: Mhariri wa safu hii, pokea salamu zangu. Kamusi ninayoitumia inalifasiri neno la Kiingereza "hardship" kuwa ni ugumu, shida au taabu. Kwa kuitegemea tafsiri hiyo, niliandika katika barua ya kikazi sentensi "I got a hardship in opening this file", nikikusudia kusema kwamba nilipata taabu kulifungua faili nililotumiwa. Aliyeipitia barua alilikata neno hilo kwa wino mwekundu bila ya kunieleza sababu. Je, neno hili lina maana gani hasa, na hutumikaje? Tena, inafaa kuliandika kwa wingi?

JIBU: Aliyelikata neno hilo hakukosea, ingawa angekutendea hisani kama angeandika japo maneno mawili pembeni. Chanzo cha tatizo ni neno letu "ugumu", ambalo limebebeshwa kazi nyingi. Tunasema ugumu wa jiwe, ugumu wa mtihani na ugumu wa maisha, na msikilizaji hapotei kwa sababu neno linalofuata humwonyesha ni ugumu upi unaokusudiwa. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maneno matatu: ugumu wa jiwe ni "hardness", ugumu wa mtihani ni "difficulty", na ugumu wa maisha ndio "hardship". Faili lisilotaka kufunguka limo katika kundi la pili, kwa hiyo ulipaswa kuandika "I had difficulty opening this file".

Kinachoitwa "hardship" ni hali inayombana mtu katika maisha yake, kama vile kukosa chakula, fedha, makazi, matibabu au usalama, kwa muda wa kutosha hata kukosa huko kukawa sehemu ya siku zake. Mtu aliyekosa chakula cha mchana kwa sababu ya kikao kirefu ana njaa tu. Familia inayolala bila ya kula kwa sababu mvua zimekatika misimu miwili mfululizo ndiyo inayosemwa kuwa "is suffering hardship". Mimi ninapolitafsiri neno hili huanza na "dhiki" kabla ya kuifikiria "shida". Dhiki tuliipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni ufinyu na kubanwa, na maana hiyo inakaribiana mno na ya neno lako. Shida tumeitumia hadi imechakaa: leo hata mtandao ukikatika kwa dakika tano tunasema kuna shida.

Sehemu ya mwisho ya neno, "-ship", haihusiani na meli. Ni kiambishi tamati kinachojenga nomino ya hali, kilekile kilichomo katika "friendship", yaani urafiki, na "membership", yaani uanachama. Zamani mpaka kati ya "hardship" na "hardness" haukuwa mkali kama ulivyo leo. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, Timotheo anaambiwa "endure hardness", pale ambapo Biblia ya Kiswahili inazungumzia kushiriki taabu. Mwandishi wa leo akiiga maneno hayo, wasomaji wake watadhani anazungumzia ubao au chuma.

Kuhusu vitenzi, jihadhari na mazoea yetu ya "kupata taabu", kwa sababu ndiyo yaliyokuletea "got" katika sentensi yako. Waingereza husema "suffer hardship" au "endure hardship" kwa anayeivumilia, "face hardship" kwa anayekabiliana nayo, na "cause hardship" kwa kinachoileta: "The drought caused great hardship." Ikiwa dhiki yenyewe ni ya fedha, yaani ukata, andika "financial hardship".

Mara nyingi neno hili halihesabiki, na ndiyo maana sentensi hizo hazina "a". Wingi wake ni sahihi unapozikusudia taabu mbalimbali zilizoambatana na jambo moja, kama katika "the hardships of war". Umoja wenye "a" nao si kosa siku zote, kwani mtu anaweza kusema kwamba ada mpya "would be a hardship" kwa wazee wanaoishi kwa pensheni. Pia utasikia "It's no hardship", jibu la adabu la mtu anayekuhakikishia kwamba ulilomwomba halimsumbui.

Kwa kuwa unaandika barua za kikazi, huenda ukakutana na "hardship allowance", yaani posho ya mazingira magumu. Umoja wa Mataifa huipanga miji ambamo watumishi wake hufanya kazi katika makundi ya herufi: H ni ya makao makuu na miji inayofanana nayo, kisha hufuata A hadi E, na E ndiyo yenye mazingira magumu kuliko zote. Vigezo vyake ni pamoja na usalama, huduma za afya, makazi na hali ya hewa, mambo yanayoafikiana kabisa na maana niliyoieleza.

Wanasheria, kama kawaida yao, wamejitengea njia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu inamtaka mwajiri afanye marekebisho yatakayomwezesha mfanyakazi mwenye ulemavu kutimiza kazi yake, isipokuwa pale ambapo marekebisho hayo yatamletea mwajiri "undue hardship". Hapo anayedhikika aweza kuwa kampuni, na kinachopimwa ni uzito na gharama za marekebisho, wala hakuna anayelala njaa. Matumizi hayo yaache ndani ya nyaraka za kisheria.

Na iwapo siku moja utataka kueleza masaibu yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, kama mtu aliyenaswa chini ya kifusi kwa siku mbili kisha akaokolewa, "hardship" halitakufaa. Neno lake ni "ordeal".