Mwanangu, kampanye yako nani atalipa?

Mama yangu,

Nakuita vile ju unabeba jina ya mama yangu mzazi, na leo nalomba unisikilize kama vile mi nilikuwaka namusikiliza yeye. Mesaje yako ya siku ya Mungu nimeisoma mara ine. Unasema parti imekufata, wanataka wakuweke ku listi ya udepite nasyonali hapa Lubumbashi kwa 2028, na patro wako amekuambia nenda, kampanye yote atalipa yeye, kiti yako ya direkta inabaki, mshahara inabaki, ukishinda utakuwa unafanya kazi zote mbili. Kisha unauliza, Papa, nikubali ao nikatae?

Jibu nakupatia hapa hapa usiitafute chini. Siasa, kubali kama roho yako inataka. Ile makuta ya patro na ile kiti, kataa.

Avoka wako alikuambia sheria haikukatazi, na hakukudanganya. Artikle 108 ya Katiba inataja wale wasioweza kuwa depite na kubaki ku kazi yao: magistra, askari, polisi, ajani wa serikali, mandatere (mkubwa aliyewekwa) wa kampuni ya serikali, watu wa kabine za wakubwa wa serikali. Direkta wa kampuni ya mtu binafsi hayumo. Ministri njo wamemufunga, artikle 97 inamukataza kazi yote ya nje, wanamuachia tu mambo kama shamba, ufundi, utamaduni, kufundisha na utafiti, na artikle 99 inamulomba aandike mali yake yote apeleke ku Korti ya Katiba wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Depite hawakumubana vile. Lakini mi siangalie artikle, naangalia makamio yenu.

Makamio yenu yanabeba mali ya kampuni za migodi mpaka Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, si vile? Basi muko mu sutretansi, ni kusema kazi ambayo kampuni kubwa inapatia kampuni ingine iifanye. Ile sheria ya sutretansi ya 2017 inayosema kazi hizo ni za makampuni yenye mtaji mwingi wa Wakongomani, siku moja itarudi mu Bunge kuguswa, na Kode ya migodi nayo itarudi, unakumbuka 2018 vile wakubwa wa migodi walipiga makelele wakati kode mpya ilipandisha ada za madini, shaba ikafika 3,5 kwa mia na kobalti ikafika 10 kwa mia kisha kuitwa madini ya stratejia. Sasa fikiri siku hiyo iko wewe umekaa pale Palais du Peuple, nyumba ya Bunge kule Kinshasa, mkono wako unapaswa kuinuka ao kubaki chini, na mshahara ya mwezi ule imelipwa na mtu mwenye faida mu ile sheria. Hatakutumia hata mesaje. Hana lazima.

Naongea hivi ju niliona. Haya sikuwahi kukuelezea vizuri, 2011 wewe ulikuwa ungali ku iniversite, UNILU, na mi nilikuwa natunza vitabu vya mtajiri mmoja, muuzishaji wa unga na simenti, jina siandike. Mtu muzuri, kweli nakuambia, watumishi alikuwa anawalipa tarehe ile ile kila mwezi, na shofa wake akifiwa yeye njo wa kwanza kufika ku kilio. Akasema anaingia siasa. Tukafurahi wote, tukasema huyu anajua kazi, huyu hataiba maana yake anayo.

Kampanye ya wadepite ni mwezi moja, uchaguzi ilikuwa tarehe 28 novemba. Nilifungua kaye ya kando, ya kifuniko ya bluu, nikaanza kuandika. Mifuko ya unga. Triko zenye sura yake. Mafuta ya makamio. Viti na mahema ya kilio, ju wakati wa kampanye kila kilio ya mtaa mzima inaletwa kwa kandida, watu wanafika saa kumi na moja asubuhi ku mlango, mwenye kufiwa, mwenye mtoto hospitali, mwenye kufukuzwa ku masomo, na hauwezi kumufukuza hata moja. Kisha juma mbili keshi ikakauka. Simenti haikuuzwa tena vizuri ju mwenyewe hakuwa tena ku depo. Akaanza kukamata kwa wengine. Rafiki yake moja, mwenye kampuni ya makamio, akaleta makamio mbili na mafuta na baasha ya dola. Nikauliza patro, niandike nini, deni? Akaniambia, hapana, andika zawadi.

Nikaandika zawadi. Mkono yangu mwenyewe, mama. Kontabule mwenye diplome, nikijua vizuri kama kitu chenye kurudi kulombwa hakiitwe zawadi.

Alishinda. Kisha kama miezi sita yule rafiki akafika nyumbani jioni, mi nilikuwa pale na dosye za sinyatire. Akakaa ku baraza, hata kinywaji hakugusa. Akasema, "Sikuje kukudai makuta, nimekuja tu kukusalimia." Wakaongea mambo ya watoto, mambo ya mvua. Wakati wa kusimama njo akasema kama vile amekumbuka tu, eti watu wa mtaa fulani wanaandika barua kwa depite wao ju ya makamio yake, vumbi na ile barabara iliyovunjika, itakuwa vizuri hiyo barua isifike mbali. Haikufika mbali. Niliiona ku meza mu biro, imesiniwa na watu zaidi ya mia mbili, wamama wengine walipiga kidole tu ju hawajue kuandika, na ilikaa pale mpaka karatasi ikageuka rangi. Wale wamama walimupigia kura. Mtu wa makamio sijui hata kama alikuwa na karte ya kura hapa.

Na kampuni ya yule patro wangu nayo ikafa, ju mwenyewe alikuwa Kinshasa na huku kila mtu anasema mimi ni wa depite nipatie kwa deni. Uchaguzi uliofuata hakupita. Leo anakaa nyumbani tu, tunasalimiana.

Sasa usiseme Papa ananitisha ili nibaki. Wapo waliotoka ku biashara wakaingia siasa kwa mlango wa kweli. Angalia Martin Fayulu. Ukikubaliana na siasa yake ao hapana, hiyo tuiache, mi naongea tu namna alivyotoka. Aliingia Mobil, kampuni ya mafuta, 1984, akapanda, akazunguka nchi za Afrika, mwisho alikuwa direkta jenerali kule Ethiopia, ilikuwa imeshakuwa ExxonMobil. 2003 akaacha. 2006 njo akachaguliwa depite, 2009 akaunda parti yake, 2018 akagombea urais. Wakati wa kuingia mu Bunge alikuwa ameshatoka ku kampuni. Mtu akiuliza huyu anasemea nani, jibu haiko "kampuni inayomulipa".

Na wetu wa hapa, Moïse Katumbi wa timu ya Mazembe, unamujua kuliko mi, ulikuwa unalia wakati Mazembe ilipoteza kwa Inter 2010 ku finali ya klabu za dunia. Yeye alianza ku biashara ya samaki, akaunda kampuni ya migodi MCK 1997, depite 2006, gavana wa Katanga 2007 mpaka 2015. MCK aliuzisha 2015, mwaka ule ule alitoka ku PPRD, parti ya rais Kabila. 2016 akatangaza anataka urais, na hata miezi mbili haikuisha, tribinali ya hapa ikamuhukumu miaka mitatu kwa kesi ya nyumba, yeye hayuko, na yeye akasema hiyo ni siasa. 2018 wakamukatalia kuingia pale Kasumbalesa, mpaka mei 2019 njo akarudi na mji mzima ulitoka ku barabara. Nakukumbusha hii ili ujue, siku utakuwa mpinzani wa mtu mkubwa, kila parseli uliyonunua, kila kontra uliyosini toka ulikuwa kijana, itafunguliwa. Mwenye biashara ana mambo mengi ya kufunguliwa kuliko mwalimu.

Kwa hiyo anza na usafi ungali na wakati. Sehemu uliyo nayo mu kampuni, zile hisa patro alikupatia mwaka ule, uzisha, na uuzishe kwa karatasi ya noteri, usiweke ku jina ya bwana yako ao ya mdogo wako, watu wa Lubumbashi wanajua nani ni nani, hiyo bongo haidumu hata siku mbili. Andika demisyo mbele jina yako haijaonekana ku listi, si kisha ya kushinda. Zile kontra tatu ulizosini mwenyewe na migodi, kamata kopi, weka kwangu.

Makuta ya kampanye, sikia. Patro wako akisema bado anataka kusaidia, muambie asaidie kama raia mwingine yeyote, kiasi kidogo, iandikwe, na jina yake isomwe mbele ya watu. Akikubali hiyo, basi ni rafiki. Akikasirika, umeshajua alikuwa ananunua nini. Mi na mama yako tutatoa ile ya nyumba ndogo ya kupangisha ya Katuba, ni kodi ya mwaka moja, si nyingi lakini ni yetu. Kampanye itakuwa ndogo, triko hazitatosha, labda utapoteza, na ukipoteza utarudi kutafuta kazi ukiwa na miaka zaidi ya arobaini, hiyo nimeifikiria usiku na inaniuma, siifiche.

Lakini nataka uende, mama. Kila 15 septemba Bunge inafungua kikao cha bajeti, na mi najua wewe ukikamata ile bajeti utaisoma mstari kwa mstari kama vile ulisomaga vitabu vya kampuni ile mwaka ukagundua mafuta yanaandikwa mara mbili. Watu wa kujua kusoma vile wanatukosekana pale. Njo maana siwezi kukuambia baki, na njo maana sitaki wakununue mbele haujaingia.

Ile kaye ya bluu ingali hapa, sikuirudisha. Iko mu kabati, chini ya mashuka. Ukikuja kwa pasaka nitakuonyesha ule ukurasa.

Papa yako