Ukirudi kwenu, usifungue begi lote siku ya kwanza

"Umekuja kwa muda gani?" Wiki niliyorudi baada ya miaka tisa ughaibuni, niliulizwa hivyo kuliko hata nilivyopewa pole ya safari. Nikijibu kwamba nimerudi moja kwa moja, mtu ananyamaza kidogo, kisha: "Kwani huko kumetokea nini?"

Andaa jibu lako kabla hujapanda ndege, na liwe la kweli. Mimi sikuwa nalo, nikajitapa kwamba nina mipango mikubwa. Mwenye mipango mikubwa hukopwa. Jioni ya kwanza nilifungua begi sebuleni, watu wamelizunguka, kila mkono ukaondoka na kitu. Zilipobaki nguo zangu na chaja, mpwa wangu akachungulia ndani, akauliza, "Mjomba, lile jingine liko wapi?" Hakukuwa na jingine. Nilicheka tu, sikumjibu, na nadhani matatizo yangu yalianzia kwenye kicheko kile. Kufikia mwezi wa tatu, akiba niliyoipangia mwaka mzima ilikuwa imeishia kwenye ada, matibabu, na mikopo ambayo aliyekopa na aliyekopesha wote tulijua hairudi.

Kwa hiyo tenga pesa ya kuishi miezi sita au zaidi, iweke mahali ambapo simu moja ya usiku haiwezi kuitoa, na kiasi chake akijue mtu mmoja tu. Katika miezi hiyo usifungue biashara, hata ukiona aibu kukaa. Bei ulizonazo kichwani ni za mwaka ulioondoka. Hata marafiki unaowakumbuka ni wa mwaka huo.

Mtafiti Jean-Pierre Cassarino aliandika mwaka 2004 kwamba suala kubwa kwa anayerudi ni maandalizi: awe ametaka mwenyewe kurudi, na awe amepata muda wa kukusanya pesa, ujuzi na watu wa kumshika mkono. Nilimsoma nikiwa nimeshachelewa. Ndiyo maana aliyefukuzwa usiku na aliyejipanga miaka miwili hawafai kupimwa kwa kipimo kimoja, ingawa majirani hupima hivyo hivyo.

Halafu makaratasi. Hapa nitakusumbua kidogo. Kabla ya kuondoka chukua barua ya kila mwajiri, taarifa ya michango yako ya hifadhi ya jamii (nchi nyingine zina mikataba ya kutambuliana michango, ulizia), na vyeti vyako vyote. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, vyeti vya serikali vigongewe ule muhuri uitwao apostile, vitambulike bila kuzungushwa ubalozini. Kwa watoto, beba vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo na ripoti za shule, na suala la uraia wao ulimalize mapema. Mimi barua moja tu ya kazi niliifuatilia kwa miezi mitano nikiwa tayari nyumbani, na kazi niliyoiombea ikachukuliwa na mwingine.

Kama huna nauli au hati zako zimeisha muda, usijifiche. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 13, linakupa haki ya kurudi nchini mwako. Ubalozi wenu unaweza kukupa hati ya dharura ya kusafiria. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, nalo lina mipango ya kurudi kwa hiari: tiketi, ushauri, na kwa baadhi ya watu msaada wa kuanzia maisha. Kwa kawaida huombwa ukiwa bado kule, kwa hiyo uliza mapema.

Upweke sikuutarajia kabisa. Nilikuwa kwetu, naongea lugha yangu, na bado nilikuwa natafsiri kila kitu kichwani. Kilichonisaidia ni watu wawili waliorudi kabla yangu. Hatukuongelea sana huko tulikotoka. Tulielekezana tu ofisi ipi ina foleni fupi.

Mwaka jana mpwa wangu aliliomba lile begi, anakwenda bweni. Akaniuliza kama sitalihitaji tena. Nikamwambia alichukue.